Jina Jema Hung'ara: Mtoto, Mlima na Sauti ya Ng'

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Aghalabu methali hii husomwa kwa maana yake, na maana yenyewe ni njema. Ni nadra mtu kusimama kwenye sauti yake. Ndani ya neno "hung'ara" imo sauti ambayo mgeni wa Kiswahili hutokwa na jasho kabla ya kuimudu. Ndiyo sauti ya ng'ombe, ya kung'oa. Ndiyo ifunguayo jina la Ng'ambo, ule upande wa mji wa Unguja unaoelekeana na Mji Mkongwe. Na mbali na bahari, kiasi cha kilomita 25 magharibi ya Moshi, kwenye barabara iendayo Arusha, uko mji uliochukua sauti hiyo hiyo katikati ya jina lake: Bomang'ombe, makao makuu ya Wilaya ya Hai, chini ya miteremko ya Machame.

Jina la mji huo halina fumbo. Ni boma, na ni ng'ombe. Wako waliandikao kwa neno moja, wako waligawao mawili. Na wako, hasa wachora ramani wa ugenini na mashine zisizotambua alama, waliandikao "Bomangombe". Alama moja ndogo ikianguka, mji hugeuka jina lisilotamkika kwa mwenyeji. Mpenzi wa ushairi hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili. Anajua kwamba "ngoa" ni tamaa na wivu, na "ng'oa" ni kutoa kitu na mizizi yake. Anajua pia kwamba kina cha "nga" na kina cha "ng'a" havikai beti moja ila kwa mtungaji asiyesikia vyema. Tofauti iliyo nyembamba kwenye karatasi ni pana mno kwenye ulimi.

Ikiwa ndivyo ilivyo kwa jina la mji, je, kwa jina la mtoto? Mji una barabara, soko na watu maelfu wa kulisahihisha jina lake kila siku. Mtoto ana wazazi wake, jamaa zake na daftari. Historia ya majina kwenye miteremko ya Kilimanjaro ni historia ya mashindano baina ya hao watatu: mdomo wa nyumbani, kitabu cha kanisa na kalamu ya serikali.

Katika desturi ya Wachagga, mtoto wa kwanza wa kiume hupokea jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Kwa wasichana ni vivyo hivyo: wa kwanza humrithi bibi mzaa baba, wa pili bibi mzaa mama. Kwa hiyo mzazi wa zamani hakuketi akitafuta jina geni la kuwashangaza majirani. Jina lilikuwapo kabla ya mtoto, nalo lilikuwa na mwenyewe. Na kwa kuwa lilikuwa na mwenyewe, lilikuwa pia na matamshi yake, kwa vile watu wa migombani walikwisha kuliita miaka hamsini au sitini, wakilipandisha na kulishusha sauti kama lugha yao idaivyo.

Kupandisha na kushusha huko si pambo. Kichagga, pamoja na matawi yake ya Kimachame, Kimochi, Kivunjo, Kirombo na mengineyo, ni lugha ya toni. Silabi moja ikitamkwa juu au chini huweza kubadili neno. Kiswahili hakina mzigo huo. Chenyewe huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuendelea na safari. Basi jina la Kichagga linaposomwa na msomaji wa Kiswahili, herufi zote huweza kusalimika na hata hivyo lahani yake ikapotea. Ni kama utenzi ulioandikwa bila ya mahadhi yake: maneno yapo, lakini aliyezoea kuusikia ukighaniwa ataona kuna kitu kimekosekana.

Ndivyo ilivyokuwa kwa majina ya Mamangi yalipofika masikioni mwa pwani. Mtawala wa Moshi aliyefariki mwaka 1891 aliitwa Rindi na watu wake, lakini misafara na wageni walimjua kwa jina la Mandara. Jina hilo la pili ndilo lililoingia vitabuni, na leo hupewa kituo cha kwanza cha wapanda mlima kwa njia ya Marangu. Mwanawe aliitwa Meli. Mtu wa pwani akiliona jina hilo hufikiri chombo cha baharini, ilhali mwenyewe alikuwa Mangi wa Moshi ya zamani, aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Na huko Kibosho alitawala Sina. Kwa Kiswahili jina hilo ni ungamo la mtu asiye na kitu. Kwa historia, alikuwa mmoja wa watawala wenye nguvu kubwa kabisa mlimani katika miaka ya 1880, hata ikamlazimu Wissmann kumwendea kwa jeshi na mizinga mnamo Februari 1891. Huyo Sina alikuwa nacho. Jina linapovuka mpaka wa lugha, laweza kubaki na herufi zake zote na likasema uongo mtupu.

Kalamu ya kwanza ya Kizungu ilifika mapema. Mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima tarehe 11 Mei 1848. Lakini kalamu iliyoandika majina ya watoto, mmoja baada ya mwingine, ilikuja katika miaka ya 1890: mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzia Kilema, na Walutheri wa misioni ya Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Tangu hapo mlima ukagawanyika. Kilema, Kibosho, Uru na Rombo zikaelemea upande wa Katoliki; Machame, Moshi ya zamani na sehemu za Marangu na Mamba zikaelemea upande wa Kilutheri. Mgawanyiko huo ungali ukisikika katika majina. Mkatoliki alibatizwa kwa jina la mtakatifu, kwa vile kanuni za kanisa lake za mwaka 1917 zilimtaka padri ahakikishe mtoto anapata jina la Kikristo. Kanuni mpya za mwaka 1983 zililegeza kamba, zikataka tu jina lisiwe geni kwa fikra za Kikristo. Hivyo miteremko ya mashariki ikajaa akina Aloyce, Boniface, Basil na Augustino.

Upande wa Kilutheri nako yalikuwapo majina ya Biblia, akina Stefano na Filipo na Yohane. Lakini kulizuka pia jambo jingine. Wamisionari wa Leipzig waliitazama lugha ya mzawa kuwa chombo kifaacho kwa ibada. Mashuhuri wao, Bruno Gutmann, aliyekaa Moshi ya zamani kwa miaka mingi kabla na baada ya vita kuu ya kwanza, alikusanya sheria na mafunzo ya Wachagga katika majalada mazito na kulitafsiri Agano Jipya kwa Kimochi. Katika mazingira hayo Wachagga wenyewe walitengeneza majina ambayo hayakuwako katika Biblia wala katika ukoo, nayo yakasikika kana kwamba yalikuwako siku zote.

Siri yao ni silabi mbili: "Eli". Zimetoka katika Kiebrania, na maana yake ni Mungu. Watu wa mlimani, wakifuatana na Wapare na Wameru wa kanisa lile lile, walizichukua wakaziunga na maneno yao. Mara huwekwa mbele: Elisante, Elifuraha, Eliamani, Elirehema, Elineema. Hapa nusu ni ya nabii na nusu ni ya Kiswahili, wala mshono hauonekani. Mara neno la pili huwa la Kichagga chenyewe, kama katika Elikunda, ambamo "kunda" ni kupenda. Mara "Eli" hupelekwa nyuma, kama katika Aikaeli: "aika" ndiyo asante ya Kichagga, na jina zima ni shukurani kwa Mungu. Aliyetaka kubaki na Mungu kwa jina la kwao alisema Aikaruwa, kwa kuwa Ruwa, au Iruwa kwa wengine, ndilo neno la kale la mlimani, lenye maana ya Mungu na ya jua pia.

Msomaji wa pwani asiyaone majina haya kuwa mageni mno. "Eli" ya Machame ni jamaa ya karibu wa "il" iliyomo katika Ismaili, Jibrili, Mikaili na Israfili. Mangi wa Machame aliyetawala tangu miaka ya 1920, na baadaye akasimamia eneo lote la Hai, aliitwa Abdiel Shangali. Abdieli ni jina la Biblia lenye maana ya mtumishi wa Mungu; neno kwa neno, mzizi kwa mzizi, ni ndugu wa Abdallah. Mzazi wa Kilutheri wa mlimani na mzazi wa Kiislamu wa Pemba wangeweza kusimama na watoto wao mikononi, wakataja majina mawili yaliyochimbwa kisima kimoja, na kila mmoja akadhani la mwenzake ni la ajabu.

Majina hayo yamefika mbali na mashamba ya migomba. Solomon Eliufoo, mtu wa Machame, alichaguliwa kuwa rais wa Wachagga mwaka 1960, kisha akawa waziri wa elimu katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Fredrick Onaeli Shoo aliongoza Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Freeman Aikaeli Mbowe, aliyewahi kuwa mbunge wa Hai na aliyekiongoza chama cha CHADEMA tangu 2004 hadi 2025, alizaliwa Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru wa Tanganyika. Majina yake matatu yakisomwa kwa mfuatano, la kwanza ni la Kiingereza na hutaja mtu huru, la pili ni la Kichagga na Kiebrania na hutoa shukurani, la tatu ni la ukoo. Mtu mmoja amebeba lugha tatu kabla hajasema neno.

Wapenda mizani watapata raha nyingine. Aikaeli ni silabi tano, a-i-ka-e-li, na kila moja hukaa kwenye mstari bila kusukumwa. Elisante ni nne. Bomang'ombe ni nne. Hata Nkya, jina la ukoo wa Machame lionekanalo fupi, lina mizani mbili, kwa kuwa ile N ya mwanzo hujitegemea kama M ya "mtu". Mgeni hulimeza au huliongezea irabu. Mshairi hulihesabu lilivyo.

Hapana budi kurudi kwenye kalamu, maana hapo ndipo hasara ilipoanzia. Wajerumani waliandika walichosikia kwa kanuni za kwao. Mchagga akawa "Dschagga", Machame ikawa "Madschame", Arusha ikawa "Aruscha". Baada ya Wajerumani kuondoka, tahajia hiyo ilifutwa katika ramani, lakini katika majina ya watu haikufutika yote. Katika Kijerumani, s moja kati ya irabu husomwa kama z. Atakaye s kavu huandika mbili. Ndiyo maana mtu akiona Massawe, Urassa na Ndossi, koo za mlimani ambazo Kiswahili sanifu kingeziandika kwa s moja, ana haki ya kuhisi nyayo za mwalimu wa misioni. Watu wa ukoo mmoja huweza kuwa Masawe na Massawe katika vyeti tofauti, na mahakamani au benki herufi moja ikawatesa.

Kisha ikaja tahajia ya Kiswahili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Kwa sauti ya ng' ulikuwa ushindi, kwa kuwa ilikubaliwa iwe na alama yake, jambo ambalo herufi za Kiarabu hazikulifanya kwa uwazi, kwani aghalabu ghaini moja ilibebeshwa sauti kadhaa. Lakini kwa Kichagga tahajia hiyo ilikuwa nguo ya kuazima. Ilikuwa safi, imepigwa pasi, ila haikukatwa kwa kiwiliwili chake. Hapakuwa na mahali pa toni. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilitungwa mwaka 1920, lakini kwa muda mrefu kumbukumbu ya Mwafrika wa mlimani ilikuwa daftari la ubatizo. Padri au mchungaji ndiye aliyekuwa karani wa sauti, naye aliandika kama alivyosikia, au kama alivyodhani inafaa kusikika.

Mlima hauko peke yake katika msiba huu. Henry Morton Stanley, yule aliyeshuka Zanzibar mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa Denbigh, katika nchi ya Wales, mwaka 1841, akaitwa John Rowlands. Alipokwenda Marekani akajivika jina jingine, na watu wa Kongo wakampa la tatu, Bula Matari, mvunja mawe. Kwao Wales watu wengi walikwisha kupotezewa majina bila hata ya kusafiri. Zamani mtu wa huko aliitwa kwa jina lake na la baba yake, katikati "ap", kama pwani isemavyo "bin". Baada ya sheria ya mwaka 1536 kuifanya lugha ya Kiingereza kuwa lugha ya mahakama, makarani walihitaji majina ya ukoo yasiyobadilika kwa kila kizazi. Polepole "ap Rhys" likabanwa likawa Price, "ap Hywel" likawa Powell, "ab Owain" likawa Bowen. Mwana wa Rhys akawa na jina lisilomjua Rhys.

Wazazi wengi wa Wales wameyarudia majina ya kale, na mengine yamevuka mipaka hadi kwa watu wasioijua lugha yake. Mojawapo ni la kike: Angharad. Mwingereza husita mbele yake, lakini mchungaji wa Bomang'ombe asingesita. Ile "ng" ni ng' ya ng'ombe hasa. H yake husikika. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama katika Kiswahili: ang'-HA-rad. Vivyo hivyo "dd" ya lugha hiyo ni dh ya dhahabu, "ch" yake ni kh ya Khamis, na "f" moja husomwa v. Na maana ya Angharad ni mpendwa sana. Basi Angharad wa Wales na Elikunda wa Machame wamepewa neno moja, la kupenda, na wote wawili hutegemea kwamba yuko mtu karibu atakayelitamka sawa. Wote wawili pia huathirika kwa namna moja: jina hufika shuleni likiwa limeandikwa, na mwalimu wa siku ya kwanza akilikosea, darasa zima hukosea naye, na mtoto akiona haya hujibu kosa kana kwamba ndilo jina lake.

Hapo ndipo lilipo jambo la kuhofiwa leo. Vijana wengi wa Hai hukulia katika Kiswahili. Kichagga wanakisikia likizo ya Desemba, nyumbani kwa babu, kwa siku chache. Majina ya mababu yangali yakipokewa, na hilo ni jema, lakini mengi hupokewa kwa macho. Mtoto hupewa jina la babu kutoka katika cheti cha baba, si kutoka katika kinywa cha bibi. Wakala wa serikali wa kusajili vizazi, ulioanzishwa mwaka 2006, huandika kwa uaminifu herufi zilizoletwa mbele yake. Hauwezi kuandika toni ambayo mzazi mwenyewe hakuileta. Na mashine ikiikataa ile alama ya ng', karani huiacha, mstari wa watu unasonga, na mtoto huondoka na jina lililong'olewa mzizi.

Upande mwingine wapo wazazi watafutao jina lisilo la kawaida, la mchezaji, la mhusika wa filamu, la nchi ya mbali. Hawa nao wasidharauliwe. Waliounga "Eli" na "asante" miaka mingi iliyopita nao walikuwa wakitunga jina lisilo la kawaida, na yaelekea wako wazee walioguna. Ugeni wa jina si dosari. Elisante lilipata uenyeji kwa sababu waliolitunga walielewa nusu zake zote mbili na wakalitamka kila siku, asubuhi na jioni, hata likakosa ugeni. Jina geni lisiloeleweka na mwenye kulitoa, wala kutamkika kwa mwenye kulipokea, litabaki mgeni katika nyumba lilimozaliwa.

Pwani inalijua jambo hili kwa njia yake. Mtoto wa Kiislamu huadhiniwa sikioni kabla ya cheti chochote, na siku ya saba ya akika jina lake hutajwa mbele ya watu. Makame, Pandu, Mwanakombo na Faki hayakuhifadhiwa na daftari. Yalihifadhiwa kwa kuitwa uani, kisimani na ngazini mwa dau. Mlima nao una uani wake, chini ya migomba. Bibi wa Machame aliye hai leo, anayejua namna mumewe alivyoitwa na mama mkwe wake, ana kitu ambacho hakuna ofisi iliyonacho. Akiketi na mjukuu wake mara moja, akalitaja jina la babu polepole, likipanda panapopanda na kushuka panaposhuka, na mtoto akalirudia hadi bibi aitikie kwa kichwa, jina hilo limeandikishwa.